USINILETEE MTOTO WA MIAKA MIWILI NIMKEMEE PEPO WA UKAIDI

Leo sitazunguka. Ujumbe huu utawaudhi baadhi yenu. Someni wote kwanza, halafu mkasirike.

Mwezi huu peke yake nimeletewa watoto watatu niwaombee. Mkubwa wao hajafikisha miaka mitatu. Si wagonjwa. Hawana homa, hawaharishi, na kwa kula wananishinda mimi. Sasa shida ni nini? "Pastor, mtoto huyu amebadilika. Alikuwa mpole, sasa kila kitu ni sitaki. Ukimlisha anasukuma mkono. Ukimvalisha anavua. Ukimbeba anajinyoosha kama ukuni, anataka chini. Pastor, kuna roho imemwingia."

Mama, hakuna roho iliyomwingia. Mtoto wako anakua.

Yule uliyekuwa ukimfunga mgongoni kwa leso akalala mpaka unamaliza kupalilia, sasa amesimama dede. Ametupa mguu mmoja, akatupa wa pili, akaanguka kwa makalio, akacheka, akainuka tena. Siku ile mlishangilia nyumba nzima, mkapiga simu mpaka Mombasa. Miguu mliyoipigia makofi akiwa na mwaka mmoja ndiyo hiyo hiyo inayowakimbia leo akiwa na miaka miwili. Mlitaka atembee halafu asiende popote?

Na mtu asije akasema pastor wetu ameacha imani. Mimi ni Mpentekoste. Naamini pepo wapo, na naamini wanatoka kwa Jina la Yesu. Nimeona kwa macho yangu. Lakini soma Marko 9 taratibu. Yule kijana alikuwa akitupwa motoni na majini apate kuangamia. Huyu wako anataka kijiko! Anataka kujilisha uji mwenyewe, utamwagika kifuani, utaingia masikioni, nusu itaenda kwa kuku. Hiyo ni kazi ya kufua nguo, si kazi ya kufunga siku tatu. Na nikiwa hapo hapo niseme: mtoto anayeanguka na kutoka povu mdomoni nitamwombea, tena kwa machozi, lakini nitamwombea tukiwa njiani kwenda hospitali. Kifafa kina dawa. Mtumishi anayekuambia utupe dawa ya mtoto ili uonyeshe imani, mkimbie kama unavyomkimbia nyoka.

Wengine wenu mnaniletea kilio cha upande wa pili. "Pastor, wa jirani ametembea na miezi tisa, wangu ana miezi kumi na mitatu bado anatambaa, nani ametufunga?" Hakuna aliyewafunga. Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto wenye afya njema huko Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, likatoa matokeo mwaka 2006. Wapo walioanza kutembea wenyewe wakiwa na miezi minane, na wapo waliofika karibu miezi kumi na minane. Wote wazima. Kama wako amepita hapo bado hajatembea, mpeleke Ngao au Hola aangaliwe, nami nitakuja kukaa nawe kwenye foleni. Lakini usianze kumtazama mama mkwe wako vibaya kwa sababu mtoto wa miezi kumi na mitatu anatambaa. Ni mambo ya aibu kuvunja ukoo kwa sababu ya magoti.

Sasa tuingie penye moto. Kila nikisema haya, mtu ananirushia fimbo ya Mithali. "Pastor, Biblia imesema anayezuia fimbo anamchukia mwanawe." Ndiyo, Mithali 13:24 ipo, sijaifuta. Lakini wewe unaijua fimbo? Sisi tunaishi na wafugaji. Nenda pale Minjila asubuhi, mtazame mchungaji wa Orma akipitisha ng'ombe. Fimbo iko mabegani, mikono imening'inia juu yake. Akitaka ndama ageuke, ananyoosha fimbo upande ule, ndama anageuka. Akikaribia barabara ya malori, fimbo inakuwa ukuta. Umeona mchungaji mwenye akili akimvunja ndama mguu ili ajifunze kutembea? Huyo hana mifugo kesho. Daudi alikuwa mchungaji wa kweli, na katika Zaburi 23 anasema fimbo na gongo la Mungu humpa faraja. Faraja! Mtoto wako akiiona fimbo yako anafarijika, au anajikojolea?

Mnanirushia na methali za wazee. Samaki mkunje angali mbichi. Sawa kabisa, na sisi tunaokula samaki wa Tana tunaijua kazi hiyo kuliko wengi. Kukunja si kuvunja. Samaki uliyemvunja hakai vizuri hata kwenye sufuria. Na ile nyingine inasema asiyefunzwa na mamaye. Imesema kufunzwa. Baba unayevua mshipi kwa mtoto ambaye hata kuhesabu mpaka tano hajui, umemfunza nini? Amejifunza kwamba mwenye mkono mkubwa ndiye mwenye haki. Somo hilo atalitumia. Utaliona likirudi siku ambayo mkono wake ni mkubwa na wako umezeeka.

Tena ujue kwamba Katiba ya nchi hii ya mwaka 2010, kifungu cha 53, inamlinda mtoto dhidi ya ukatili wa kila namna, na kuna Sheria ya Watoto ya mwaka 2022. Ukisikia mtoto wa jirani anapigwa mpaka sauti inakata, usikae unanena kwa lugha tu. Piga 116, ni bure.

"Kwa hiyo pastor, tuwaache watutawale?" Nani amesema hivyo? Mtoto wa miaka miwili hawezi kutawala hata pua yake inayotiririka. Ninachosema ni kwamba anajaribu chombo kipya. Mungu amempa nia, na nia ikiwa mpya hupiga kelele, kama kijana aliyepata bodaboda yake ya kwanza: kila mtu lazima asikie honi. Kazi yako ni kumfundisha kuiendesha.

Na hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu wengi hamjui mfanyeje zaidi ya kupiga au kuachilia. Mpe nafasi ya kuchagua ndani ya lile ulilokwisha kuamua. Kuoga ataoga. Unamuuliza, "Utaingia kwenye beseni mwenyewe, au nikuingize?" Champali atavaa. Unamwambia, "Vaa mwenyewe." Atavaa kushoto kulia, kulia kushoto, itachukua muda wa kuchemsha chai. Ngoja. Usimnyang'anye. Akimaliza, miguu ikiwa inatazama pande mbili tofauti, msifu. Kesho atakaribia. Uji utakunywewa. "Kikombe chekundu au bakuli?" Akisema kikombe, amekutii wewe na amejitii yeye, na hakuna aliyelia. Akianguka chini na kupiga miguu, kaa karibu naye mpaka dhoruba ipite. Kichwa chake bado hakijakomaa kuzuia hasira, na wewe wa miaka thelathini na tano unayempigia kelele ndiyo unamwonyesha kwamba hata cha kwako hakijakomaa. Baadaye, akitulia, mwambie kwa maneno machache kosa lilikuwa nini. Utarudia mara mia. Ndiyo, mia. Na Mungu amekurudia wewe mara ngapi?

Kisha, wapendwa, punguzeni hapana zenu. Sisi wa huku hatuwezi kuhubiri uhuru wa mtoto kama watu wanaokaa ghorofani Nairobi. Mto wetu una mamba. Kingo zake zinamomonyoka. Mafuriko yakiondoka yanaacha mashimo ya maji nyuma ya nyumba, na mtoto anayejifunza kutembea anavutwa na maji kama nondo na taa. Mtoni hapana ni hapana. Jikoni penye moto, hapana. Barabara ya Malindi kwenda Lamu, hapana, na hapo usibishane naye, mnyanyue tu. Lakini wewe kuanzia alfajiri umemwambia hapana kwa kijiko, hapana kwa mchanga, hapana kwa jani, hapana kwa kuku, hapana usicheze na kifuniko. Mpaka jioni umesema hapana mara hamsini. Ile ya hamsini na moja, ya ukingoni mwa mto, ataisikia vipi? Umeifanya sauti yako kuwa kama kelele ya chura. Weka uzio wa miiba au wa makuti pale kwenye hatari, kisha ndani ya uzio mwache atembee.

Wewe unayesoma hapa sasa hivi, mtoto yuko wapi? Inua macho. Umemwona? Haya, tuendelee.

(Na simu usimpe ili anyamaze. Shirika hilo hilo la Afya Duniani lilisema mwaka 2019 kwamba mtoto chini ya miaka miwili hafai kukalishwa mbele ya skrini, na wa miaka miwili isizidi saa moja kwa siku. Mtoto aliyenyamazishwa na katuni hajawa mtiifu, amezubaa.)

Najua kwa nini wengine wenu mmewashika watoto kwa nguvu hivyo, na hapa siwagombezi. Wapo kina mama humu waliokimbia mwaka 2012 na watoto mgongoni, wakati wa mapigano ambayo katika kijiji cha Riketa peke yake yaliua watu zaidi ya hamsini. Wapo mliobeba watoto vichwani mkivuka maji mwaka 2018, tena mwisho wa 2023, na maji yakarudi 2024 kabla hata hamjakausha magodoro. Mtu aliyewahi kukimbia na mtoto mgongoni haoni rahisi kumteremsha. Mgongo wake ndio nyumba pekee ambayo haikusombwa. Nawaelewa, na Mungu anawaelewa zaidi.

Lakini mtazame Yeye mwenyewe katika Hosea 11. Anajieleza kama mzazi anayemshika Efraimu mikono na kumfundisha kutembea. Mungu Mwenyezi ameinama, mgongo umepinda, anatembea nyuma nyuma mbele ya mtoto anayeyumba. Na katika sura hiyo hiyo anasema kila alipowaita walizidi kwenda mbali. Alijua miguu ile itatumika kumkimbia. Akaifundisha kutembea hata hivyo. Hakuikata. Wewe umeona hatari gani ambayo Mungu hakuiona?

Sasa niwaambie kwa nini jambo hili linanikosesha usingizi, maana mtu anaweza kusema pastor amekosa la kuhubiri mpaka anahubiri uji.

Ile "sitaki" unayotaka niikemee ndiyo "sitaki" ambayo binti yako ataihitaji akiwa na miaka kumi na minne, jioni, ametoka shule, jamaa wa bodaboda amesimama anamwambia panda nikufikishe bure. Utaomba siku hiyo mdomo wake ufunguke. Utafungukaje, kama ulishafungwa nyumbani kwa kofi akiwa na miaka miwili? Hapana haioti usiku mmoja. Ni misuli kama ile ya miguu, inaanza kwa kuyumba, inafanyiwa mazoezi kwa vitu vidogo visivyo na hatari, kikombe na champali, ili ije isimame penye hatari.

Ndiyo maana nasema pia, na wazee wa kanisa mnisamehe: mtoto akikataa kupakatwa na mgeni, asilazimishwe. Kusalimu atasalimu, hiyo ni adabu, afundishwe shikamoo mapema. Lakini kupakatwa, kubusiwa, kukalishwa mapajani na mtu asiyemtaka, hapana. Hata awe mjomba. Hata awe shemasi. Hata niwe mimi. Mtoto akinikimbia mlangoni kwa kanisa, mama usimvute umlete huku unacheka kwa aibu. Mwache, nitampungia mkono. Wanaowaharibu watoto mara nyingi si wageni, ni watu ambao mtoto aliambiwa asiwakatalie.

Na kuna Shakahola. Najua hampendi kuisikia, wachungaji wenzangu hasa. Msitu ule hauko Marekani. Uko Kilifi, kaunti ya jirani, ng'ambo ya Malindi ambako tunaenda na kurudi siku moja. Kuanzia Aprili 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya mia nne, na uchunguzi ulionyesha wengi walikufa kwa njaa. Mashtaka ya mauaji yaliyosomwa mwaka 2024 yalitaja watoto 191. Watoto! Wengine wa umri wa hawa wenu wanaomwaga uji. Mtoto mwenye njaa analia, anasema nataka. Hiyo ndiyo sauti Mungu aliyomwekea. Na mbele yake alikuwa amesimama mtu mzima ambaye hakuweza kumwambia mhubiri wake neno moja tu, sitaki.

Mimi najiuliza ile "sitaki" ya wale wazazi ilivunjwa lini, na nani. Haikuvunjwa siku moja. Kuna kanisa lililowafundisha kwamba kuuliza ni uasi. Kuna nyumba iliyowafundisha hivyo kabla ya kanisa. Sisi wahubiri tumeipokea kazi ikiwa nusu imekwisha.

Kwa hiyo siwezi kukutoza sadaka ya ukombozi ili nimtulize mtoto wako. Wapo wanaofanya hivyo katika pwani hii, mnawajua. Mafuta ya chupa kwa bei fulani, mtoto wa miaka miwili anashikwa mikono na miguu na watu wazima wanne, anapigiwa kelele masikioni, analia mpaka anachoka, analala. Kisha wanasema: ametoka, mnaona alivyotulia? Hajatulia. Amekata tamaa. Na mtumishi wa namna hiyo anafanya kwa mtoto kile anachofanya kwa kanisa lake lote. Anataka watu wasiotembea. Watu wa maziwa siku zote, ambao hawawezi kuoa, kuhama, kufungua duka wala kwenda hospitali bila kumpigia. Paulo aliwalalamikia Wakorintho kwamba bado wanakunywa maziwa. Wachungaji wengine wangelalamika kama wangeomba chakula kigumu, maana mtu akianza kutafuna mwenyewe hukuhitaji kila Jumatano.

Linganisha na mzee Eli. Alikuwa na makosa yake, Biblia haikuyaficha, hasa kwa wanawe mwenyewe. Lakini usiku ule Samweli mdogo alipokuja mara ya tatu akidhani ameitwa na mzee, Eli alitambua ni nani anayeita. Angeweza kusema, "Lala, mimi ndiye mtumishi, nitakuletea ujumbe asubuhi." Hakusema. Alimfundisha mtoto namna ya kujibu, akamrudisha peke yake gizani kumsikiliza Mungu. Huyo ndiye mlezi.

Na Hana, mama yake. Alimwomba mtoto kwa machozi miaka mingi, akampata, akamnyonyesha, alipomwachisha ziwa akampeleka akamwacha hekaluni. 1 Samweli 2:19 inasema kila mwaka alimshonea kanzu ndogo akampelekea. Fikiria mama huyo ameketi na kitambaa, mtoto haonekani, anakadiria. Mwaka huu amerefuka kiasi gani? Mkono umefika wapi? Kama angeshona ya kipimo cha mwaka jana, isingeingia. Wengi wenu mnashona ya mwaka jana. Mtoto ana miaka miwili na nusu, wewe bado unampimia kanzu ya miezi minane, ikimbana akipiga kelele unasema ni pepo.

Naona tayari mmoja ameniandikia pembeni kwamba nawafundisha watoto uzungu. Ndugu yangu, Eli hakuwa mzungu. Hana hakuwa mzungu. Yule Orma wa Minjila, mara ya mwisho nilipoangalia, naye hakuwa.

Tangazo la Jumapili, ibada ya pili. Kina mama wenye watoto wadogo mketi mbele upande wa kushoto, tutatandika mikeka, si pembeni tena karibu na mlango. Leso ziwe mabegani, watoto wawe chini. Baba, siku hiyo wewe ndiye utakayemfuata mtoto akizunguka, mama apate kusikia Neno. Washemasi, mtoto akitambaa mpaka madhabahuni msimkimbilie. Aachwe apande. Nyaya za kipaza sauti tutazipitisha juu.